Ukungu wa Lupanga, Samaki wa Bagamoyo

Watu wa Morogoro wanaopenda uvuvi wa burudani hufunga safari ndefu. Hupita Chalinze, hukata kushoto kuelekea Msata, kisha hushuka mpaka Bagamoyo, fito za kuvulia zimefungwa juu ya gari na maboksi ya barafu yamejaa nyuma. Karibu na mwisho wa safari huvuka daraja la Ruvu. Wengi hulivuka bila kugeuza shingo, kwa kuwa mawazo yao yameshatangulia baharini, kwa nguru na kolekole. Lakini maji yanayopita chini ya daraja hilo yametoka kwao. Ni maji ya Kinole, ya Matombo, ya Mgeta, na hata yale ya mto Morogoro unaokatiza mjini na kujitia katika Ngerengere. Yameondoka nyumbani kabla yao, yamezunguka kwa njia ndefu zaidi, na yanakwenda kulekule wanakokwenda wao.

Mimi ni mtu wa Morogoro, chini ya Lupanga. Kila nikiamka nakiona kilele kile, kimepita mita 2,100, kikiwa kimejifunika ukungu hata siku ambazo mjini hakuna wingu. Kwa miaka mingi nilidhani ukungu ule ni mali ya mlima. Siku hizi nauona kuwa ni bahari iliyokuja kututembelea, na nikipanda boti Bagamoyo naona mlima ukinipokea kule. Naandika haya kwa sababu naamini Muumba hakuumba mlima peke yake na bahari peke yake. Aliviumba kama kitu kimoja, na samaki ni mashahidi.

Tuanze na upepo. Bahari ya Hindi mbele ya pwani yetu ina joto mwaka mzima, na jua la ikweta huinyanyua hewani kila siku kwa namna ya mvuke usioonekana. Kusi huuchukua mvuke huo kutoka kusini-mashariki. Kaskazi nayo, zamu yake ikifika, huuleta kutoka upande wa pili. Hewa hiyo husafiri juu ya nyanda za Wazaramo na Wakwere bila kukutana na kizuizi cha maana, mpaka inapojigonga kwenye ukuta wa milima ya Uluguru. Hapo hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba ilichobeba. Ndiyo maana miteremko ya mashariki, kule Kinole na Tegetero, hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali sisi wa mjini, upande wa pili wa mlima uleule, mara nyingi hatufikishi hata milimita 1,000. Jirani anafuta matope miguuni, wewe unatimua vumbi, na kati yenu pana siku moja tu ya kutembea kwa miguu.

Waluguru, wenyeji wa milima hii, walilijua jambo hili kabla ya vipimo vya mvua kuletwa. Haikuwa bahati kwamba Kingalu, mtawala aliyeheshimiwa kwa mambo ya mvua, alikuwa na makao yake Kinole, mahali ambapo mlima huipokea bahari mkono kwa mkono.

Lakini mvua si yote. Ukipanda juu zaidi, kuelekea Bondwa, au kule kusini kwenye uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600, unaingia msitu ambamo matawi yamevikwa kuvumwani kila upande. Hapo maji hudondoka hata kusiponyesha. Ukungu hupita kati ya majani, kila jani na kila uzi wa kuvumwani hunasa chembe zake, chembe huungana, tone huzaliwa, tone huanguka. Msitu huu unaichuja bahari kutoka angani usiku na mchana. Kisha udongo wake, uliojaa majani yaliyooza kwa vizazi vingi, huyanywa maji hayo na kuyatoa polepole, hata Septemba na Oktoba wakati nyanda za chini zimekauka. Mto Ruvu haukatiki kiangazi kwa sababu hiyo. Jiji la Dar es Salaam linaijua thamani yake, kwa kuwa mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na ya Ruvu Chini ya mwaka 1976, ndiyo inayowanywesha mamilioni ya watu wake.

Mfizigo, Mbezi, Mvuha, Mgeta, Ngerengere: mito hii yote hukusanyika kuwa Ruvu, ule ambao wasafiri wa karne ya 19 waliokuwa wakitoka Bagamoyo kwenda bara waliujua zaidi kwa jina la Kingani. Unafika baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, umechoka, umenenepa, una rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akiutazama hapo husema ni mchafu. Mimi nauona umebeba mizigo. Majani ya msitu yaliyosagika, chumvichumvi za miamba ya zamani mno, vijidudu visivyohesabika: hiki ni chakula, na mlangoni kuna wanaokingoja.

Wa kwanza ni mikoko. Miti hii husimama pale ambapo mti mwingine wowote ungekufa, mizizi ndani ya tope lisilo na hewa, chumvi ikipanda na kushuka na maji. Mchu umepewa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope ili kuvuta pumzi, na majani yake hutoa chumvi nje mpaka ukiligusa jani moja na kulamba kidole unaionja. Mkandaa na mkoko huotesha mbegu zikiwa bado zinaning'inia kwenye mti mama, ili mtoto akianguka asianze maisha akiwa dhaifu. Nani aliufundisha mti kulea?

Kati ya mizizi hiyo wanakulia kambamiti. Mama yao hutaga nje, baharini. Vitoto vidogo kuliko punje ya mchele husukumwa na maji kujaa mpaka ndani ya mikoko, hukaa miezi kadhaa wakila na kujificha, kisha hurudi baharini wakubwa, na mafuriko ya masika huwaharakisha. Wavuvi wa Bagamoyo na Saadani wanajua kwamba mwaka wa mvua nzuri milimani huwa mwaka mzuri wa kamba. Mkizi naye hupita humo, na vibua wachanga, na changu wadogo. Na humo, ndugu msomaji, yumo kolekole.

Kolekole mkubwa ni samaki ambaye mvuvi wa burudani huota usiku. Anaweza kuzidi kilo 50, ana kifua kipana na paji la uso lililosimama wima, na akimeza chambo haendi popote ila chini, kwenye mawe, akijua kabisa kwamba mshipi ukikwaruza jiwe utakatika. Mikono hutetemeka, mgongo huuma, na mara nyingi anayeshinda ni yeye. Kule Visiwa vya Shelisheli ameonekana na kupigwa picha akiruka kutoka majini na kudaka ndege anayepita juu ya maji, akiwa ameupima mwendo wa ndege huyo kutoka chini, kupitia maji yanayopinda mwanga. Jabari huyu hulelewa utotoni kwenye milango ya mito, katika maji ya chumvi kidogo yaliyofifia kwa udongo, ambamo adui hamwoni vizuri. Akipata nguvu ndipo anapotoka kwenda kwenye miamba ya matumbawe. Yule anayekutoa jasho nje ya Bagamoyo huenda amelelewa katika tope lililotoka shambani kwenu.

Safari yenyewe huanza alfajiri, na bahari ndiyo inayopanga ratiba. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali sana Bagamoyo, na boti iliyochelewa hukaa juu ya mchanga mpaka maji yarudi. Siku za maji mafu mambo huwa mapole. Ukishatoka, nahodha hupunguza mwendo, mishipi hutupwa nyuma, na kazi ya kurambaza huanza. Mkondo wa Unguja si wenye kina kikubwa, sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Zamani, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yamefungwa kwenye barafu, hapa palikuwa nchi kavu na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mtu angeweza kutembea. Mkondo wa Pemba ni jambo jingine kabisa, kina chake ni mamia ya mita, na huko ndiko samaki wa maji makuu hupita karibu na nchi.

Nahodha mzoefu huwa hatazami mishipi. Anatazama rangi. Baada ya mvua kubwa pana mahali ambapo maji ya mto, mepesi na ya kahawia, yanakutana na maji ya bahari, mazito na ya buluu, na mpaka wao unaonekana wazi, una povu, una vijiti na majani yanayoelea. Dagaa hujikusanya hapo kula, vibua huwafuata dagaa, nguru huwafuata vibua. Ndege hupiga mbizi juu yao. Nimeinama kwenye ukingo wa boti nikalitazama jani moja katika povu lile, nikajiuliza lilianguka kutoka mti gani na kijito gani kililibeba, na sikuona haya kumshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wenzangu.

Sitatia chumvi. Jodari anayevuliwa mbali huko, karibu na Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo cha ndege wa baharini kilicho makumi ya kilomita mashariki ya Dar es Salaam, ana chakula chake cha maji makuu, na Mgeta haumlishi. Lakini anaogelea katika maji yaleyale yanayopanda kuwa ukungu wetu. Yeye yumo katika upande wa kwanza wa safari, ambapo zawadi bado haijaondoka nyumbani.

Na ni kiumbe gani! Samaki wengi wana joto la maji waliyomo. Jodari amepewa mishipa ya damu iliyolala bega kwa bega, ile inayotoka ndani ikiwa na joto na ile inayotoka kwenye mashavu ikiwa baridi, hivi kwamba joto huvuka kutoka mmoja kwenda mwingine na kurudi mwilini kabla halijapotelea baharini. Nyama yake ina moto ndani ya maji baridi. Kwa hiyo hachoki upesi, na tena hapumziki kamwe: akisimama, maji hayapiti kwenye mashavu yake, naye hukosa pumzi.

Sulisuli, yule mwenye tanga mgongoni, amepewa jambo la ajabu zaidi. Juu ya jicho lake kuna msuli ambao zamani kazi yake ilikuwa kuligeuza jicho. Sehemu ya msuli huo imeacha kazi ya kuvuta, imekuwa tanuri. Kazi yake ni kutoa joto tu, na joto hilo hupelekwa kwenye ubongo na macho, ili samaki anapozama kwenye maji ya baridi aendelee kuona upesi na kufikiri upesi, wakati mawindo yake yamezubaa. Wawindaji hawa huzunguka fungu la dagaa kwa pamoja, wakipokezana, matanga yamesimama. Waliowapiga picha chini ya maji wameona namna mmoja wao anavyouingiza mdomo wake mrefu katikati ya fungu taratibu kiasi kwamba dagaa hawashtuki, kisha anaupiga kando mara moja. Wakati huo ngozi yake hubadilika rangi, michirizi ya buluu huwaka na kuzimika ubavuni. Aliyewahi kumwona akiruka karibu na boti, tanga wazi, jua likipita ndani yake, hatabishana nami nikisema kwamba uzuri wa namna hii haukuwa lazima. Angeweza kuishi bila huo. Alipewa tu.

Watu wametoka mbali kuja kumtafuta. Mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway, baada ya kuwinda Tanganyika, aliteremka mpaka Malindi kuvua baharini, na mwaka 1954 alirudi tena pwani ya Kenya, Shimoni. Wakati huo samaki mkubwa aliletwa pwani, akaning'inizwa, akapigwa picha. Uvuvi huu umebadilika, na nafurahi. Kule Watamu na Malindi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, sulisuli wengi wanaovuliwa kwa burudani huvishwa kijitambulisho chenye namba na kuachwa waende. Akivuliwa tena mahali pengine, namba hiyo inasimulia amekwenda wapi na amekaa siku ngapi. Uvuvi umekuwa njia ya kuuliza swali. Mvuvi wa ngalawa anayevua ili watoto wale, huyo simwambii aachie samaki, na sitamwambia. Lakini sisi tunaolipa kwenda kuvua kwa furaha, tukimshika kiumbe mwenye tanuri machoni, tumvue ndoana akiwa majini, tumshike mpaka avute pumzi sawasawa, tumwache aende zake.

Sasa nimfikie shahidi wangu mkuu, ambaye wavuvi wa burudani wengi hawamtaki kabisa. Wakimpata hushtuka, wakidhani ni nyoka. Ni mkunga wa maji baridi, anayeishi katika mito yetu inayoelekea mashariki. Hulala mchana chini ya mawe na mizizi, huwinda usiku, na anaweza kuzidi urefu wa mita moja. Hukaa mtoni miaka kumi, hata ishirini, akila samaki, kaa na wadudu, na ungeapa kwamba hajui kitu kinachoitwa chumvi.

Kisha siku moja mwili wake unaanza kubadilika. Macho yanapanuka, yakijiandaa kwa giza ambalo hajawahi kuliona. Tumbo linapata rangi ya fedha. Utumbo unanywea, na anaacha kula, moja kwa moja. Mvua kubwa zikishuka na mto kufurika usiku, anajiachia. Anapita korongo, mashamba ya mpunga, madaraja na mikoko, anaingia baharini, na hapo hageuki nyuma. Anavuka Bahari ya Hindi akitumia mafuta aliyojiwekea mwilini, na wanasayansi wanakadiria kwamba anakwenda upande wa mashariki ya Madagaska, kwenye maji ya kina kirefu. Huko hutaga mara moja tu, na kufa. Hadi leo hakuna jicho la binadamu lililowaona wakitaga katika bahari hii. Tumepiga picha Mwezini, tumehesabu nyota, lakini ndoa ya mkunga wa mito yetu Mungu ameifunika.

Mtoto anayezaliwa huko hafanani na mama yake hata kidogo. Ni bapa kama jani la mwarobaini, na angavu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti ukilitazama kupitia mwili wake. Hana nguvu za kuogelea masafa. Hana mzazi wa kumwonyesha njia. Anabebwa na mkondo unaotoka mashariki, unaopita kaskazini ya Madagaska na kugawanyika, tawi moja likipanda kufuata mwambao wa Tanzania na Kenya. Baada ya miezi kadhaa, akikaribia nchi, anabadilika umbo: anakuwa mwembamba, wa mviringo, bado kioo kitupu. Anaisikia harufu ya maji baridi. Anaingia mlango wa mto usiku, maji yakijaa, anapata rangi, na anaanza kupanda.

Kupanda huko ndiko kunakonimaliza maneno. Akifika penye maporomoko hasimami. Hutoka majini, hujibandika kwenye jiwe lililolowa, na kuparamia kwa tumbo, wima, kidole kwa kidole, usiku kucha. Kiumbe aliyezaliwa gizani katikati ya bahari, asiyewahi kuona mlima, anaparamia jiwe kuelekea mahali ambapo ukungu wa bahari ileile unageuka kuwa maji.

Kwa hiyo mtu akikata msitu juu ya Mgeta apate nafasi ya kabichi, mambo hayaishii Mgeta. Waluguru wamelima miteremko hii tangu enzi, na serikali ya kikoloni ilipojaribu kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi waliipinga mpaka mwaka 1955 kukawa na ghasia. Sidhani kama amri ya namna hiyo ingefaa kitu leo. Msitu uliobaki juu umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru tangu mwaka 2008, na wanavijiji wanaoizunguka ndio walinzi wake halisi, wakipewa sababu ya kuwa hivyo. Pasipo msitu, mto hushuka wote kwa siku chache, mwekundu, na tope linalozidi kiasi hufunika matumbawe badala ya kulisha mikoko. Kolekole hupoteza mahali pa kulelewa na mahali pa kuishi kwa mkupuo mmoja.

Na kuna Kidunda. Bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu limekusudiwa kuikata kiu ya Dar es Salaam, na kiu hiyo ni ya kweli. Sina neno dhidi ya mama anayengoja ndoo ijae Mbagala. Ninaloomba ni dogo. Mkunga mchanga hupanda jiwe lililolowa. Ukuta mkavu hauwezi. Katika nchi za Ulaya, mabwawa mengi yamewekewa njia ya mikunga pembeni: mfereji mwembamba wa mteremko, umetandikwa brashi ngumu au vijiwe, na maji kidogo yakitiririka juu yake muda wote. Haupunguzi maji ya jiji kwa kiasi cha kuhesabika, na fundi wa kawaida anaweza kuujenga. Wale wakubwa wanaoshuka nao wahitaji tundu la kupitia mbali na mitambo, hasa usiku wa mafuriko. Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya mlima wenyewe, na wataalamu wake wanaweza kukaa na wahandisi wakapanga mfereji huo upite wapi na ulowe miezi gani, kabla msimu mwingine wa mikunga wachanga haujaingia mtoni.